Maswali ya Wasomaji: Kucheza Kikapu Vyuo vya Miaka Miwili Marekani

Barua nyingi za toleo hili zinauliza kuhusu vyuo vya miaka miwili vya Marekani, ambavyo wachezaji wamezoea kuviita JUCO. Vingi viko chini ya chama cha NJCAA, kilichoanzishwa mwaka 1938. California ina chama chake, CCCAA, na vyuo vya Washington na Oregon viko chini ya NWAC. Jimmy Butler alianzia Tyler Junior College, Texas, kabla ya kwenda Marquette. Sheryl Swoopes alianzia South Plains, Texas hukohuko, kabla ya Texas Tech. Tumefupisha barua na kuondoa majina.

Swali: Salaam, mhariri. Nina miaka 18, nimemaliza Kidato cha Nne na sasa nachezea klabu. Urefu wangu ni sentimita 193, nacheza fowadi. Nimetuma video kwa makocha watano wa Marekani, hakuna hata mmoja aliyejibu. Nakosea wapi? (Kijana, Eldoret)

Kijana wetu, makocha watano ni wachache mno. Tuma kwa 40 hadi 60, ila usitume kama anayemwaga mbegu barabarani. Kila chuo kina ukurasa wa timu wenye majina ya wachezaji, urefu, nafasi, mwaka wa masomo na mji wa nyumbani. Soma huo kwanza. Hesabu wachezaji wa mwaka wa pili wanaocheza nafasi yako, maana hao ndio wanaoondoka. Chuo chenye mafowadi wanne wa mwaka wa kwanza hakina nafasi yako hata ukiruka mpaka dari. Kisha tazama miji wanakotoka. Timu yenye wachezaji wawili watatu kutoka Afrika au Ulaya ina ofisi iliyokwisha kuzoea karatasi za mwanafunzi wa kigeni. Timu ambayo wote wametoka jimbo lilelile huenda ikakupenda, halafu ikakwama kwenye karatasi.

Barua pepe iandike kwa Kiingereza, mistari isiyozidi kumi na miwili, na umtaje kocha kwa jina lake. Mtumie kocha mkuu na wasaidizi wake, kila mmoja barua yake, kwa kuwa anayechuja wachezaji mara nyingi ni msaidizi. Kwenye kichwa cha barua weka jina lako, nafasi, urefu kwa futi na inchi, mwaka uliomaliza shule na wastani wa alama. Sentimita 193 ni futi 6 na inchi 4. Pima bila viatu, mgongo ukiwa ukutani. Ukijiongezea inchi mbili, siku ya kwanza mazoezini utaumbuka, na kocha aliyedanganywa urefu hakuamini tena ukimwambia goti limepona. Ndani ya barua weka urefu wa mikono ukiinyoosha, uzito, wastani wa pointi na ribaundi na ligi uliyozipatia, matokeo ya KCSE, kiungo cha video, na simu ya kocha wako anayezungumza Kiingereza.

Sasa video, kwa sababu hapo ndipo wengi wa huku kwetu wanapoharibu. Simu ishikwe kwa ulalo, ikae juu ya stendi ya miguu mitatu (tripodi) kwenye ngazi ya juu kabisa ya jukwaa, usawa wa mstari wa katikati ya uwanja. Anayerekodi asivute picha karibu na asifuate mpira peke yake, wachezaji wote kumi waonekane. Kocha anataka kukuona ukifanya nini wakati mpira uko upande wa pili. Je, umesimama mikono kiunoni au umerudi kufunika njia?

Kwenye vipande teule usizidi dakika nne. Anza na ukurasa mmoja wa maandishi wenye taarifa zako kwa sekunde tano, kisha vipande 15 hadi 20 vya sekunde sita hadi kumi. Kila kipande kianze sekunde mbili kabla hujapata mpira, na weka duara au mshale unaokuonyesha kabla mchezo haujaanza kwenda. Vipande vitano vya kwanza viwe vizuri kuliko vyote, kwani kocha asiyevutiwa na hivyo hatafika cha sita. Changanya: mitupo ya pointi tatu miguu ikiwa imetulia, pasi, ribaundi ulizomzuia mtu kwanza ndipo ukaruka, na ulinzi dhidi ya mchezaji mwepesi. Danki ya peke yako bila mpinzani inatosha moja. Muziki usiweke.

Chini ya hivyo weka viungo vya mechi mbili nzima zisizokatwa, dhidi ya timu ngumu, hata kama mlifungwa. Vipande teule humfanya kocha afungue mechi nzima, na mechi nzima ndiyo humfanya apige simu. Taja rangi ya jezi na namba yako kwa kila mechi. Video ziweke YouTube kwa namna ya kufunguka kwa kiungo tu, na ujaribu kiungo hicho kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kutuma. Viungo vinavyodai ruhusa huua maombi mengi kimyakimya.

Kuhusu wakati, msimu wao huanza Novemba na mashindano ya taifa huwa Machi. Ya wanaume wa Daraja la Kwanza la NJCAA huchezwa Hutchinson, Kansas, tangu mwaka 1949. Kati ya Machi na Juni makocha ndipo wanapojua nani kaondoka na nani kabaki. Matokeo ya KCSE yakitoka Januari, tuma barua ya kwanza Januari au Februari, kumbushia baada ya siku kumi, kisha tuma nyingine yenye jambo jipya mwishoni mwa Machi. Masomo huanza katikati ya Agosti, kwa hiyo anayeanza kuandika Julai, kama yuko nje ya Marekani, anaandikia mwaka unaofuata.

Swali: Bwana mhariri, sisi ni familia ya Uvira, tulifika Iowa kama wakimbizi miaka mitatu iliyopita. Mtoto wangu yuko darasa la kumi na mbili, anacheza vizuri sana. Kocha wa chuo kikuu kimoja alikuwa anapiga simu kila wiki, sasa amenyamaza. Mara ya mwisho alisema tu "aende JUCO kwanza". Wastani wake wa alama shuleni ni 1.9 kati ya 4. Je, ni kufukuzwa kwa adabu? (Baba, Des Moines)

Baba, salaam sana. Kocha hakumkimbia mtoto, amezikimbia karatasi zake.

Ili mwanafunzi acheze mwaka wake wa kwanza katika Daraja la Kwanza la NCAA, chama cha michezo cha vyuo vya miaka minne, anatakiwa kuwa na masomo 16 ya msingi kwa wastani wa 2.3. Kumi kati ya hayo, saba yakiwa ya Kiingereza, hisabati au sayansi, lazima yawe yamekamilika kabla ya muhula wa saba, yaani kabla ya kuingia darasa la kumi na mbili. Alama za hayo kumi zikishafungwa hazifunguliwi. Watoto waliofika wakubwa huumia zaidi, kwa sababu mwaka wao wa kwanza na pengine wa pili huishia kwenye madarasa ya Kiingereza cha wageni, na mengi ya madarasa hayo hayahesabiwi kuwa somo la msingi. Mtoto anapata alama shuleni lakini NCAA inaona pengo.

NJCAA haiulizi hayo 16. Inataka awe amehitimu sekondari au ana cheti kinacholingana. Akiingia chuo lazima achukue angalau krediti 12 (vipimo vya uzito wa masomo) kwa muhula, na ili acheze msimu wa pili awe na krediti 24 kwa wastani usiopungua 2.0. Misimu ni miwili.

Lakini mlango wa kutokea ni mwembamba kuliko wa kuingilia. Mtoto asiyetimiza masharti ya NCAA akitoka sekondari, akitaka kuhamia Daraja la Kwanza baadaye, anatakiwa akae chuo cha miaka miwili angalau mihula mitatu ya masomo kamili, ahitimu shahada ya miaka miwili, awe na krediti 48 zinazohamishika kwa wastani wa 2.5, na ndani yake ziwemo 6 za Kiingereza, 3 za hisabati na 3 za sayansi ya asili. Hapo ndipo penye mitego, na ni mitatu.

Wa kwanza ni masomo ya kurudia misingi. Mwanafunzi hufanyiwa jaribio anapoingia, na akishuka huwekwa kwenye Kiingereza au hisabati ya matayarisho. Madarasa hayo yanaweza kumruhusu kucheza leo, ila hayamvushi kesho. Piga hesabu: krediti 12 kwa mihula minne ni 48 kamili. Akipoteza 6 kwenye matayarisho, ana 42 na hakuna chuo cha Daraja la Kwanza kitakachomgusa. Kwa hiyo asijiandikishe 12, ajiandikishe 15, na masomo ya majira ya joto yawe sehemu ya mpango tangu mwanzo.

Wa pili ni aina ya shahada. Shahada ya sanaa (AA) au ya sayansi (AS) imetengenezwa kuhamia chuo cha miaka minne. Ile ya sayansi tumizi (AAS), kwa fundi magari au fundi wa viyoyozi, ni nzuri kwa kazi lakini krediti zake nyingi hukataliwa huko mbele. Mshauri wa masomo anaweza kumweka AAS kwa nia njema tu kwa kuwa ratiba yake haigongani na mazoezi. Ulizeni, na mpewe jibu kwa maandishi.

Wa tatu ni krediti za mazoezi ya viungo. NCAA huhesabu mbili tu za aina hiyo katika uhamisho, na kuna vijana hufika mwaka wa pili na rundo lake.

Sasa fedha, ambako nyinyi mna nafuu ambayo mtoto wa Nairobi hana. Mkimbizi anaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, na akistahili hupata ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni dola 7,395 na hairudishwi. Andaeni fomu ya I-94 (rekodi ya kuingia Marekani) inayoonyesha hadhi ya ukimbizi, au kadi ya kijani kama imeshatoka, na taarifa za kodi za mzazi. Kocha wa JUCO husikia raha akiambiwa mtoto ana Pell, kwa sababu anaweza kunyoosha bajeti yake ndogo. Mwambieni mapema. Chukueni mfano wa chuo cha DMACC, timu yake iko Boone, karibu na nyumbani kwenu. Ni NJCAA Daraja la Pili, ambako timu inaweza kulipa ada na vitabu lakini si kitanda. Hapo ruzuku ndiyo inayolipa kitanda. Indian Hills, kule Ottumwa, ni Daraja la Kwanza na inachukua wachezaji kutoka kila pembe, kwa hiyo mchujo wake ni mkali zaidi.

Na yule kocha aliyenyamaza, mtoto amtumie ujumbe mfupi: nimekwenda chuo fulani, nitahitimu Mei ya mwaka fulani. Makocha huwafuata wachezaji waliowapenda. Msaidizi wake pengine anafahamiana na makocha wa JUCO watatu, mwombeni awapigie simu.

Swali: Mhariri, binti yangu ameandikiwa na makocha wawili. Mmoja anasema "ufadhili kamili", mwingine yuko California. Tutie saini wapi? (Mama, Mombasa)

Mama, wa California mwachie kwanza. Vyuo vya CCCAA havitoi ufadhili wa michezo hata senti, na mwanafunzi wa kigeni hulipa ada ya mgeni. Kocha anaweza kuwa mkweli kabisa na timu ikawa nzuri, ila gharama yote ni yenu.

Huyo wa "kamili", muulize swali moja: chuo chenu ni NJCAA daraja la ngapi? Daraja la Kwanza linaruhusiwa kulipa ada, chumba, chakula, vitabu vya masomo, vifaa vya masomo hadi dola 250, na usafiri wa kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka kwa njia ya moja kwa moja. Daraja la Pili ni ada, vitabu na hivyo vifaa vya dola 250, basi. Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa, na vyuo vingi vya New York na Minnesota viko huko. Hata katika Daraja la Kwanza, neno "linaruhusiwa" si "linalazimika". Timu ina barua 15 za kusajili wachezaji, na kocha anaweza kumpa mmoja kila kitu na mwingine vitabu tu.

Kwa hiyo msifurahie neno. Ombeni barua ya makubaliano ya NJCAA ikiwa imejazwa, msome kila kisanduku kilichotiwa alama: ada, malazi, chakula, vitabu. Kisanduku kitupu hakilipwi, hata kocha aape. Barua hiyo ni ya mwaka mmoja wa masomo na mzazi hutia saini pia kama binti hajafika miaka 18. Asisaini mbili. Anayesaini na vyuo viwili vya NJCAA anafungiwa kucheza mwaka unaofuata, na makocha wanaona nani kasaini wapi.

Halafu kuna mambo ambayo "kamili" haiyataji. Bima ya afya ya mwanafunzi wa kigeni, nani analipa? Bweni likifungwa Krismasi na majira ya joto, binti analala wapi? Akiumia mwezi wa kumi, ufadhili unaendelea mpaka Mei? Muulizeni kocha kwa barua pepe, si kwa simu, ili jibu libaki. Ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 na ya viza dola 185, zote hulipwa na nyinyi. Nguo za baridi nazo ni fedha: Nebraska ya Januari haitaki kanzu ya Mombasa.

Kama mnaweza kusafiri, chuo kinaruhusiwa kugharamia ziara moja ya mchezaji, isiyozidi siku mbili na usiku mbili. Kwa wa ng'ambo haitokei sana. Badala yake ombeni simu ya video ndani ya bweni na uwanjani, na mzungumze na mchezaji wa kigeni aliyepo kocha akiwa hayupo.

Swali: Wakala anadai dola 1,500 atutafutie chuo, na asilimia kumi ya ufadhili tukishapata. Ni halali? (Msomaji, Kampala)

Hiyo asilimia ndiyo sumu. NCAA huruhusu kulipia huduma ya kutangaza mchezaji kwa ada isiyobadilika, lakini malipo yanayotegemea kupatikana kwa ufadhili humgeuza mtoa huduma kuwa wakala wa mchezaji, na mchezaji anaweza kupoteza haki ya kucheza. Hizo 1,500 nazo zitanunua nini kisichofanyika kwa barua pepe tulizoeleza hapo juu? Kama mtu anaahidi chuo kwa uhakika, ondokeni. Hakuna wa nje anayeweza kuahidi barua ambayo kocha ndiye anayeitoa.

Hakikisheni pia kocha ni kocha. Anwani yake iishe na .edu, jina lake liwe kwenye ukurasa wa timu, na chuo kiwemo kwenye orodha ya NJCAA. Fomu ya I-20, ile ya chuo ya kuombea viza ya masomo, hutoka chuoni, haiuzwi na mtu. Kuna pia "akademi" za mwaka wa baada ya sekondari zinazotoza maelfu ya dola bila ithibati yoyote ya masomo. Hizo zina jezi nzuri tu.

Swali: Mimi ni mwalimu wa michezo. Nina msichana wa sentimita 185, chuo cha Texas kimemkubali. Viza inakuwaje sasa? (Mwalimu, Mwanza)

Mwalimu, habari si njema. Tangazo la rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamesimamishiwa viza kadhaa, zikiwemo za masomo za F, kuanzia Januari 1, 2026. Burundi iliwekwa tangu Juni 2025. Kongo iliyotajwa kwenye orodha hiyo ni ya Brazzaville, kwa hiyo ndugu wa Kinshasa, Goma na Lubumbashi wasikate tamaa kwa kusoma vibaya. Kwenda kuombea Nairobi hakusaidii, kwa sababu zuio linafuata uraia na maombi hutakiwa kufanywa nchi ya uraia au ya makazi. Mwenye uraia wa nchi mbili na pasipoti ya nchi isiyoguswa ana njia.

Msiiache nafasi yake ipotee kimya. Mwambieni kocha ukweli leo, aombe chuo kisogeze tarehe ya kuanza kwenye I-20 hadi muhula unaofuata. Kabla ya kulipa dola 350 na 185, fungueni tovuti ya ubalozi Dar es Salaam muone hali ilivyo siku hiyo. Na kama ana alama nzuri, vyuo vya Kanada navyo vina timu za wanawake na mfumo wake wa viza ni tofauti.

Kwa wa nchi zisizozuiwa, mpangilio ni huu: kukubaliwa chuoni, barua ya ufadhili, taarifa ya benki ya kufidia kinachobaki, I-20, malipo ya SEVIS, fomu ya DS-160 ya maombi ya viza, miadi ya mahojiano ubalozini. Vyeti vya Kifaransa vitafsiriwe na vipelekwe kwa shirika la kutathmini linalokubaliwa na chuo, kwa mfano WES au ECE. Ulizeni kwanza chuo kinataka lipi, kwani kulipa mara mbili kunauma. Tangu Juni 2025 mwombaji wa viza ya F huambiwa aache akaunti zake za mitandao wazi. Mahojiano ni ya dakika chache, na mara nyingi wanaoanguka ni wale wanaozungumzia NBA wakati afisa ameuliza utasoma nini.

Swali: Nina miaka 21, nimecheza ligi miaka mitatu na nilikuwa napewa posho. Nimechelewa? (Msomaji, Nairobi)

Kwa JUCO umri peke yake haukuzuii. Kinachokusubiri ni NCAA baadaye. Katika Daraja la Kwanza, mchezaji wa kikapu hupewa mwaka mmoja wa nafasi baada ya muda wa kawaida wa kuhitimu sekondari, kisha kila mwaka wa mashindano rasmi unaweza kumlia msimu mmoja. Ukishajiandikisha masomo kamili chuo chochote, saa ya miaka mitano inaanza kutembea. Usicheze tu kungojea.

Posho ya nauli, chakula na malazi haina tatizo kubwa, mradi uwe na ushahidi kwamba ilikuwa ya gharama. Mshahara ni habari nyingine, na usitie saini mkataba wowote wa klabu sasa. Mwaka 2024 Diego Pavia, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyepitia JUCO, alishinda zuio mahakamani ili miaka yake ya huko isihesabiwe, na NCAA ikatoa msamaha wa mwaka 2025/26 kwa walio kama yeye. Ulikuwa msamaha wa mwaka mmoja, usiupangie maisha. NCAA Daraja la Pili na NAIA, chama kingine cha vyuo vya miaka minne, ni pepesi zaidi kwa mtu wa umri wako, na wengi wanaotoka JUCO huishia huko wakiwa na shahada kamili mkononi.

Swali: Nina sentimita 178, gadi. Nijisumbue? (Msomaji, Bukavu)

Jisumbue kama unadhibiti mpira ukibanwa uwanja mzima na unafunga pointi tatu bila kulazimisha. Gadi wa futi 5 na inchi 10 wapo wengi, kwa hiyo video yako ionyeshe hayo mawili na ulinzi, mengine acha. Fahamu pia kwamba siku hizi wachezaji walioachwa na vyuo vikuu hushuka JUCO, na wewe wa miaka 18 unashindania dakika na mtu wa 21. Anza na vyuo vya Daraja la Pili la NJCAA.

Swali: Niko mwaka wa kwanza JUCO Kansas. Kocha aliyenileta ameondoka mwezi huu na mpya hanijui. Nifanye nini? (Mchezaji, Kansas)

Barua uliyosaini ni ya chuo, si ya kocha. Ufadhili wako unabaki mpaka mwaka wa masomo uishe, na hakuna anayeweza kuuondoa kwa sababu kocha amehama.

Wiki hii nenda kwa mkurugenzi wa michezo uombe nakala ya barua yako na orodha ya krediti ulizokwisha kupata. Kisha omba dakika kumi na kocha mpya. Usimuulize kama anakutaka, muulize anatafuta nini kwenye nafasi yako mwaka ujao. Akikujibu kwa maelezo, una nafasi. Akizungukazunguka, anza kuandika kwa vyuo vingine lakini usisaini kwingine kabla hujapata karatasi ya kuachiliwa kwa maandishi, hata kama amekuambia mdomoni uko huru.

Chochote kitakachoamuliwa, maliza muhula. Anayeondoka Novemba kwa hasira huacha madarasa nusu, yanageuka alama za F, na wastani wa 2.0 wa kucheza msimu wa pili unapotea kabla hajafika chuo kipya. Kama una I-20, mwone afisa wa wanafunzi wa kigeni kabla ya kupunguza hata somo moja, maana kushuka chini ya krediti 12 bila idhini yake kunavunja viza. Uhamisho wa rekodi ya SEVIS hufanywa na chuo unachotoka, kwa tarehe mtakayokubaliana. Mwambie tarehe hiyo mapema, kabla ofisi haijafungwa kwa likizo ya Desemba.